Harage Moja kwa Kila Nyumba

Chama chetu kinapiga kura kwa maharage. Wageni wakisikia hucheka, lakini mimi nimeona karatasi za kura zikiibwa katika nchi mbili, na sijawahi kuona mtu akighushi harage. Mlangoni, wakati ule, kila nyumba ilipewa harage moja. Mbele kuna makopo ya maziwa ya unga, kopo moja kwa kila mgombea, yamefunikwa kitambaa. Unaingiza mkono kwenye makopo yote, moja baada ya jingine, ili jirani asijue umeachia wapi. Mwishoni mtu mmoja anamimina na kuhesabu mbele ya watu. Kwa miaka mingi mtu huyo nimekuwa mimi, kwa sababu nahesabu mara mbili. Nahesabu mara mbili hata mayai ya trei iliyofungwa kiwandani, ambayo haijawahi kunidhulumu.

Utaratibu huu hatukuutunga Sydney. Tulikuja nao kutoka kambini. Kule Kigoma kila familia ilikuwa na kadi moja ya posho, na kadi ilikuwa na jina la baba. Sisi wengine tulikuwa idadi chini ya jina lake. Baba akiondoka na kadi, mnalala njaa mkiwa mmeandikwa kwamba mmekula. Tulipofika huku serikali ikampa kila mtu kadi yake: ya benki, ya matibabu, ya maktaba, hata mtoto mchanga ana namba. Lakini siku tulipokaa kwenye ukumbi wa kukodi, Auburn, kuanzisha chama, daftari tukaliandika kwa nyumba. Hakuna aliyependekeza. Kalamu ilikwenda yenyewe kule ilikozoea. Mistari ya daftari lile niliipiga mimi kwa rula, na sikuona kitu.

Aliyeona ni rafiki yangu.

Yeye ni Mkongomani wa Uvira, mimi ni Mrundi niliyekulia kambini, na bila Kiswahili tungepitana kama watu wawili kwenye ngazi za stesheni. Siku za wiki mimi napakia maboksi kwenye ghala moja Wetherill Park. Jumamosi nauza vitenge kwenye buti la gari, Bankstown. Alikuja pale akachagua kitenge cha bluu. Nikamtajia bei ya mgeni, yeye akataja bei ya dada, tukaishia kwenye bei ambayo ningempa mama yangu mzazi, na mama yangu angeona aibu kuipokea. Hakuna mtu aliyewahi kunishinda vile Sydney. Nikaona mtu kama huyu ni heri awe upande wangu.

Alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa na mume, na baadaye akamwacha, akahama na watoto wawili na godoro moja, godoro ambalo upande mmoja niliubeba mimi. Sababu zake nazijua na zitabaki kwangu. Ila kwenye daftari la chama hakuhama. Alibaki chini ya jina la mumewe: mke mmoja, watoto wawili. Harage la nyumba yao aliendelea kupewa mwanamume.

Hilo halikumuuma sana mpaka tulipomzika mama mmoja wa kanisani kwetu. Naye alikuwa ametoka kwa mumewe, miaka mingi kabla. Desturi ya chama ni kwamba mtu akifa, kamati inakwenda kwa mwenye nyumba aliyeandikwa daftarini kumuuliza: azikwe wapi, avalishwe nini, ziimbwe nyimbo zipi, nani aseme. Kamati ikafungua daftari, ikaona jina la mwenye nyumba, ikaenda kwa yule mwanamume. Akachagua kila kitu. Akasimama mbele na suti, akapokea pole za watu. Dada wa marehemu, waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja, alikaa mstari wa nne kutoka nyuma. Mimi na rafiki yangu tulikuwa wa tano.

Tukarudi kwa treni, vituo sita vikapita. Kisha akasema, "Mimi nikifa leo, watamuuliza yeye."

"Nitasema mimi," nikamjibu. "Najua nyimbo zako zote, hata zile unazoimba vibaya."

"Weye utasemea wapi? Weye mwenyewe hauna harage, ya nyumba yenu iko na bwana yako. Mwenye harage njo yeye wanauliza." Akafungua mkoba, akafunga. "Nikifa, mimi nataka waulize weye. Sasa tutafute maharage yetu."

Hivyo ndivyo jambo lilivyoanza. Hatukuanza na haki, tulianza na maziko.

Wakati huo alikuwa akisoma kwa ajili ya mtihani wa uraia, darasa la bure maktabani. Mimi nilikuwa nimeshapata uraia, nilimsindikiza kwa sababu kulikuwa na joto na maktaba ina hewa baridi ambayo hawaitozi. Mwalimu alikuwa bibi wa Kizungu, mzaliwa wa Adelaide, na kila mada aliifikisha kwao. Siku hiyo akatueleza kwamba katika nchi hii jimbo la kwanza kuwapa wanawake kura ni lake, Australia Kusini, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wanawake walitembea na karatasi mlango kwa mlango, mashambani na migodini, wakiomba sahihi. Karatasi wakazibandika moja kwa nyingine mpaka zikawa ndefu kuliko uwanja wa mpira, wakazikunja kama mkeka, zikapelekwa bungeni.

Alisema pia kwamba kabla ya hapo kulikuwa na waliojaribu njia fupi: wapewe kura wanawake wenye mali na wasio na mume, basi. Ilishindikana. Waliofuata wakadai kwa wote. Na mbunge mmoja aliyekuwa akipinga akaongeza sharti: kama ni hivyo, waruhusiwe na kugombea ubunge. Alidhani wenzake wataona huo ni upuuzi na watatupa muswada mzima. Muswada ukapita, na sharti lake ndani.

Nilicheka mpaka bibi akaniangalia. Namfahamu mtu yule. Ni muuzaji anayepandisha bei ili mteja aondoke, mteja akalipa.

Kisha rafiki yangu akanyoosha mkono, akauliza, "Na wanawake weusi, wenye nchi?" Bibi akashusha sauti kama mtu aliye msibani. Sheria ya jimbo haikuwafukuza, alisema, lakini wachache sana waliambiwa, na baadaye sheria ya nchi nzima ikawafungia mlango wengi wao.

Rafiki yangu akaandika hilo kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa bado naucheka ule mchezo wa bei. Tulisikia hadithi moja, kila mmoja akatoka na fungu lake.

Tukaanza kukusanya majina. Tulikwenda saluni za kusuka Auburn, ambako mtu hawezi kukukimbia kwa sababu kichwa chake kimeshikwa. Tulikwenda makanisani, baada ya ibada, pale chai inapotolewa. Kazini kwangu nilipata majina kumi na moja wakati wa mapumziko, mmoja akitia sahihi huku keki mdomoni. Wanawake wengine waliuliza kwanza kama waume zao wataona. Wengine waliweka dole gumba, na rafiki yangu alikuwa na kitambaa chenye maji cha kuwafutia wino, kila mmoja, kama anamnawisha mtoto. Jioni tulikaa jikoni kwake tukibandika karatasi kwa gundi ya unga aliyoipika kwenye sufuria ya uji. Binti yake alituambia kwa Kiingereza kwamba madukani kuna gundi. Mama yake akamwambia ya unga inashika na ikikosa kazi inaliwa.

Nilihesabu majina: mia moja arobaini na moja. Nikahesabu tena: mia moja arobaini. Mama mmoja alikuwa ametia sahihi mara mbili, mara ya pili kwa mkono wa kushoto.

"Mwache," rafiki yangu akasema. "Ameteseka mara mbili."

"Wakimkamata mmoja watayatupa majina yote," nikasema, nikamfuta.

Mkutano na kamati tulipanga uwe Jumapili ambayo yeye hana zamu. Lakini Jumapili moja kabla ya hiyo, baada ya ibada, mwenyekiti akaniita. Kamati yote ipo, akasema, na wametulia, wamekula. Nilete hizo karatasi tuzungumze. Zilikuwa kwenye buti, chini ya vitenge. Rafiki yangu alikuwa kazini, akimwogesha mzee wa watu huko Liverpool, ile ya hapa hapa Sydney. Simu yangu ilikuwa mkononi. Mtu wa sokoni haachi mteja aliyepoa akapata moto tena. Nikaingia.

Walikuwa wanaume watano kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti ni wa ukoo mmoja na mume wangu, kwa hiyo huniita shemeji. Nilipoanza kukunjua mkeka wa karatasi sakafuni akarudisha miguu nyuma.

"Shemeji, hii sanda ni ya nani?"

"Ni majina, mwenyekiti. Mia moja arobaini."

"Wanawake watupu?"

"Na wanaume kumi na wawili. Wawili kati yao wamo humu ndani."

Mweka hazina akaanza kuangalia dari.

Katibu, ambaye ni mtu mpole na mpole ni mgumu kuliko mkali, akauliza, "Nyumba ikiwa na maharage mawili, mume akiweka huku na mke akiweka kule, si ndoa imevunjika hapo?"

"Katibu, mnalala kitanda kimoja na mnaota ndoto mbili. Imevunjika?"

Wakacheka, hata yeye. Nikajua nimewapata. Kuna dakika katika mapatano ambapo mkono wa mtu unashuka kabla hajasema. Niliwaona mikono ikishuka.

Ndipo mzee wa kamati akasema, "Wake zetu, sawa. Mimi sina neno. Lakini hawa waliotoka? Tukiwapa harage lao, kesho kila mwenye hasira anafungasha. Waliotoka wabaki kwenye nyumba zao za daftari mpaka mambo yao yatengenee."

"Hapo ndipo penye bei," mwenyekiti akasema kwa upole. "Shemeji, tunakupa harage kwa kila mke. Leo, bila kura, tunaandika. Hao wengine tutazungumza siku za mbele. Ukikataa, tunapeleka yote kwenye mkutano mkuu, na unajua nani wanapiga kura huko."

Nilijua. Nyumba ndizo zilizokuwa zikipiga kura huko.

Nikaangalia karatasi sakafuni na nikahesabu. Wanawake mia moja ishirini na nane. Wasio na mume ndani, waliotoka na walioachwa: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Mia moja kumi na tisa kwa tisa. Nimefanya biashara tangu nina miaka kumi, nikiuza sabuni ya msaada nje ya uzio wa kambi, na sikuwahi kupewa biashara nzuri namna ile. Unachukua kilichopo, unarudi kesho kwa kilichobaki. Nikawapa mkono, wote watano. Wakaniletea soda.

Nilikwenda kwa rafiki yangu moja kwa moja. Alikuwa ndio kwanza amerudi, bado na shati la kazini, ameketi kwenye kiti cha jikoni anavua viatu.

"Wamekubali," nikasema.

Akaziba mdomo. Kisha akapiga kigelegele, cha chini chini, kwa sababu ya majirani. "Ulienda bila mimi?"

"Waliniita. Walikuwa tayari."

"Wamekubali wote?"

"Karibu wote."

Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna. "Karibu ni nani?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza kitenge chenye dosari, nikianza na upande mzuri. Mia moja kumi na tisa. Siku za mbele. Mkono mmoja kwanza, mwingine utafuata. Hakunikatiza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, kwa sababu mtu akipiga makelele bado mnapatana.

"Waliposema waliotoka, weye ulisema nini?"

"Nilisema tutarudi kuzungumza."

"Haukusema hapana."

"Ningesema hapana tungekosa yote."

"Ungekosa lako. Langu mimi nilishalikosa." Akavua kiatu cha pili, akaviweka viwili pamoja ukutani. "Ungenipigia simu. Ungeniuliza tu. Pengine mimi mwenyewe ningekuambia chukua."

Nikasema kwamba alikuwa kazini. Akasema ndiyo, alikuwa kazini. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku ya uchaguzi wanawake walikuja wamevaa kama harusini. Nusu ya vitenge vilivyokuwa ukumbini vilitoka kwenye buti langu. Mama mmoja aliyepewa harage lake alilibusu, mwingine akauliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani. Mimi nilikaa mezani mlangoni, mwenyekiti kulia kwangu, daftari jipya mbele yangu, na bakuli la maharage niliyoyahesabu mara mbili, moja kwa kila jina, bila ziada. Mume wangu alichukua la kwake akanong'ona, "Utaweka kopo gani?" Nikamwambia usiku nitaota, utaona.

Rafiki yangu alikuja amevaa kile kitenge cha bluu. Hakupita pembeni kuelekea jikoni, ambako alipangiwa kupika wali. Alijipanga. Mbele yake walikuwa watu ishirini hivi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani foleni isiishe. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kunyoosha shingo, mmoja mmoja.

Alipofika mezani akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe langu."

Mwenyekiti akajikohoza. Mimi nikafungua daftari, nikapitisha kidole kwenye ukurasa ambao niliujua kama kiganja changu.

"Dada," nikasema, "jina lako halimo."

"Najua halimo. Nataka weye uniambie."

"Nimekwambia."

"Nimesikia."

Harage moja tu. Harage langu mwenyewe lilikuwa pale, kwenye mfuko wa sketi, sijalitumia bado. Nimefikiria harage lile mara nyingi kuliko ninavyowafikiria ndugu zangu. Ningelitoa, nini kingetokea? Mwenyekiti angekasirika. Hesabu isingebadilika hata kidogo: jumla ni ileile. Lakini sikulitoa. Mkono wangu ulikaa juu ya ukurasa.

Akakunja kiganja taratibu, kana kwamba ana kitu ndani, akaenda jikoni. Saa mbili baadaye alikuwa akigawa wali. Alinipakulia kama alivyompakulia kila mtu, na nyama vipande vitatu, na akaniambia kachumbari iko upande ule.

Nilihesabu kura. Nikahesabu tena. Zilitimia.

Ile "siku za mbele" ilichukua miaka minne. Nilijaribu mara mbili kuifungua, mara zote wakaniambia nisiwe na haraka. Kisha akaja katibu mpya, kijana aliyesomea hapa, akasema daftari liandikwe kwa majina ya watu, siyo nyumba. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Mikono ikanyooka. Ilichukua muda mfupi kuliko kugawa soda. Yule mzee wa kamati aliyesema neno la waliotoka naye alinyoosha, na nadhani hakukumbuka hata kidogo kwamba aliwahi kukataa.

Katika miaka hiyo yote sikugombana na rafiki yangu, na hilo ndilo gumu kueleza. Tulisalimiana. Alinunua kitenge mara moja, akalipa bei ya mgeni niliyoitaja, bila kuuliza. Nilisimama pale Bankstown na noti zake mkononi, nikazihesabu mara mbili.

Jioni ile ya mkutano nikaendesha mpaka kwake kumpelekea habari. Alinifungulia, akaniwekea chai, akakaa. Nikamwambia jina lake sasa limeandikwa, peke yake, mstari wake, na harage lake lipo.

"Asante kwa kunijulisha," akasema, kama tunavyowaambia watu wa ofisini.

"Sasa wakija kuuliza, hawatakwenda kwa yule mwanamume. Tumelimaliza hilo."

"Hilo nilishalimaliza." Alisema kwamba mwaka uliopita alikwenda kwa wakili, akaandika karatasi. Akifa, wamuulize mtu aliyeandikwa mle. Binti yake bado mdogo kwa mzigo huo.

Nilikunywa chai ambayo haikuwa imepoa. Sikutaka kuuliza, nikauliza. "Umemwandika nani?"

Akanitajia mwanamke wanayefanya naye kazi, Mnepali. Nimewahi kumwona mara moja, kituo cha basi. Ana meno mazuri na hajui neno moja la Kiswahili.

"Mtu mzuri?" nikasema.

"Mzuri."

"Lakini atajuaje? Nyimbo, kitenge gani, upande gani tunalaza kichwa. Hajui kitu chetu hata kimoja."

Rafiki yangu akainuka, akachukua kikombe changu ambacho kilikuwa bado na chai nusu, akaniongezea mpaka juu.

"Atauliza," akasema.